Dadu mbili au mnara wa vipande?

Kwa kundi la wanne hapa Goma, mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi za mapenzi ya wanawake unaofaa ni Thirsty Sword Lesbians (2021): msimamizi mmoja anaongoza hadithi, wengine wanaigiza wapiganaji wa upanga. Rusha dadu mbili, ongeza alama ya mhusika. 10 na zaidi umefaulu. 7 hadi 9 umefaulu nusunusu. 6 kushuka, msimamizi anakubana. Dadu za ludo zinatosha. Mtego uko kwenye lugha: “yeye” haisemi mke wala mume, basi tamkeni mapema kwamba wapenzi wote ni wanawake, la sivyo kila mtu atawaza lake.

Star Crossed, mchezo mwingine wa kuigiza mapenzi, ni wa wawili tu. Mnachomoa vipande vya mbao kwenye mnara uliojengwa kwa vipande hivyo. Mnara ukianguka, wapenzi wameshindwa kujizuia. Meza ikiyumba kwenye sakafu ya mawe ya volkano, penzi linaiva kabla ya wakati. Kunja karatasi, weka chini ya mguu.