Baiskeli za gia mpaka Kitulo: muongozaji nampa nyota tano, tangazo lao nyota moja

Nimekodi wiki iliyopita kwa jamaa mmoja hapa Mbeya mjini, jina silitaji maana nusu ya haya ni malalamiko na sitaki kumharibia mtu riziki. Elfu sabini kwa siku, humo unapata baiskeli, helmeti, pampu, tyubu ya akiba na kijana wa kuwaongoza, usafiri na kiingilio cha hifadhi ya Kitulo unajitegemea. Tulikuwa wanne.

Saa kumi na moja alfajiri tukaondoka na Noah mpaka Chimala, pale tukahamishia baiskeli kwenye pikapu. Mi nikajifanya mwanaume nikasema Hamsini na Saba napanda kwa miguu yangu, na wasioijua ile barabara ya kwenda Matamba wajue kona ziko 57 kweli, sio jina la kutishia watu. Kona ya sita nikaomba kupakiwa. Wenzangu wanacheka mpaka leo.

Sasa Matamba kabla hatujaanza safari yule kijana akashusha dumu la maji na brashi akaanza kusugua tairi zote, za kwetu na yake, mi nikajua anapendezesha kwa ajili ya picha. Kumbe hapana, anasema tope la mashambani linabeba mbegu za magugu, ukiingia nalo hifadhini unaenda kupanda magugu katikati ya maua bila kujua. Hapo ndo nikaanza kumheshimu.

Maana Kitulo yenyewe ndugu zangu ni majani na maua. Wenyeji wanaita Bustani ya Mungu, imekuwa hifadhi ya taifa 2005, kama kilomita za mraba 413 hivi, na okidi za ardhini peke yake zinatajwa aina 45. Tembo hakuna, simba hakuna, ukienda kutafuta simba utarudi umenuna. Maua yanachanua Desemba mpaka Aprili hivi, yaani msimu wenyewe wa mvua, na hapo ndo penye mtihani, wakati maua mazuri ndo wakati huo huo njia ni tope tupu.

Tukafika sehemu kuna dimbwi limekaa katikati ya njia, mwenzetu mmoja akakunja kushoto akapita kwenye majani ili asichafue viatu. Kijana akasimamisha wote. Hakufoka, akachuchumaa pale alipopita akatuonyesha kwa kidole, mfereji wa tairi umeshajaa maji, na okidi moja ya njano imelala kifudifudi shina limevunjika. Halafu akatuambia tuangalie pembeni vizuri, aisee njia ilikuwa imeshakuwa tatu, kila anayekwepa tope anafungua ya kwake, mvua ikija inafuata hiyo alama inachimba, mwakani lile ni korongo. Anasema mbegu ya okidi ni vumbi tu, haina hata chakula chake, mpaka ikutane na kuvu wa kwenye udongo ndo iote, na kutoa ua inachukua miaka. Huku chini ina viazi vyake, ndo hiyo chikanda ya kupika na kula ambayo watu wamekuwa wakichimba na kuvusha Zambia kwa magunia, na uchimbaji huo ni moja ya sababu pale pakalindwa. Kwa hiyo dimbwi unapita katikati, ukishindwa unashuka unaibeba baiskeli. Tumebeba sana. Na kuteremka usifunge breki ya nyuma ukaburuza tairi, maana unachana udongo.

Tukiwa tunarudi kwenye mteremko tukamkuta mama mmoja na furushi la viazi kichwani, kijana akashuka, sote tukashuka, shikamoo mama, marahaba wanangu, jana wengine walinipita mbio hapa nikaingia mtaroni. Tukaangaliana tu.

Haya, malalamiko. Tangazo lao lina picha ya mtu yuko na baiskeli katikati kabisa ya maua, chini wameandika "pita popote, hakuna mipaka". Yaani bosi anauza kitu ambacho mfanyakazi wake anashinda kutwa nzima kuwakataza wateja! Kati yetu yupo aliyesoma Marekani, anasema kule kuna maeneo ya pori yanayolindwa kwa sheria ya 1964 ambako baiskeli haikanyagi kabisa mpaka leo, na waendesha baiskeli wamebishana miaka na miaka wafunguliwe bila mafanikio. Sasa sisi huku bado tunapita, halafu mtu anatafuta kufungiwa mwenyewe kwa picha.

La pili ni pedi za breki. Gia zilikuwa safi, fremu safi, ila tope lilisaga pedi, na zilikuwa nyembamba tangu mwanzo, kurudi Hamsini na Saba nikasikia chuma kinakwaruza chuma, akiba hamna. Nikashuka kwa miguu kona kumi na kitu nimeishikilia baiskeli kama mbuzi anayekataa kwenda mnadani. Kwenye ile barabara hilo sio jambo la kusema "pole kaka" yakaisha. Kabla hujaondoka chungulia pedi mwenyewe, zikiwa zimebaki kama ganda la karanga kataa.

Juzi nimerudisha helmeti nikamwambia bosi abadilishe ile picha. Akasema, "Kaka, hiyo picha ndo inaleta wateja." Bado ipo. Ukienda, omba yule kijana wa dumu na brashi, na getini uliza kwanza njia zipi ruksa kwa baiskeli.