GnuCash kwa Asasi Ndogo Isiyotafuta Faida

Asasi isiyotafuta faida huulizwa, kabla ya jambo lingine lolote, fedha za kila mfadhili zilitumikaje. Kwa hiyo programu ya uhasibu inayoifaa ni ile inayoweza kutenganisha ruzuku yenye masharti na michango ya kawaida, hata kama zote zimo katika akaunti moja ya benki.

GnuCash, ambayo hupatikana bure na hufanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux, huingiza kila muamala pande mbili, debiti na krediti, lakini haikuundwa mahsusi kwa mifuko ya wafadhili. Mhasibu hulazimika kufungua akaunti ndogo kwa kila ruzuku, kazi inayovumilika zikiwa tatu na inayochosha zikifika kumi. Mizania hutoka vizuri, ingawa sura yake haivutii.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba watu wawili hawawezi kufanya kazi katika daftari moja kwa wakati mmoja, na kwamba miamala ya zamani huweza kubadilishwa. Mpangilio wa kuifunga upo, ila haujawashwa tangu mwanzo. Mweka hazina auwashe kabla mkaguzi hajafika.