Mizani ya mafuta ya mwili: kabla ya kulipa, uliza kama ina mpini

Lalamiko ni lile lile kila mara. Mtu amefanya mazoezi miezi miwili, suruali inamlegea kiunoni, lakini mizani aliyonunua inamwambia mafuta yamepanda kutoka asilimia 27 hadi 29. Anavunjika moyo na kuacha kunyanyua vyuma. Mara nyingi mwili wake uko sawa. Kosa lilifanyika siku ya kununua.

Uzito wa juu unaobebwa na aina ya betri utavisoma kwenye boksi. Swali linalosahaulika ni hili: umeme unapita wapi?

Mizani hizi haziyaoni mafuta. Zinapitisha mwilini umeme mdogo sana, aghalabu wa kilohezi 50, na kupima ukinzani, yaani kiasi ambacho mwili unauzuia umeme huo. Misuli imejaa maji, hivyo inaupitisha kwa urahisi, mafuta yanauzuia. Kisha programu inachukua ukinzani huo, inachanganya na urefu, umri, jinsia na uzito wako, inakadiria maji ya mwili, na kutokana na maji inakadiria kila kisicho mafuta. Kinachobaki ndicho kinachoitwa mafuta. Sasa, mizani yenye vyuma vya kukanyagia tu inapandisha umeme mguu mmoja na kuushusha mguu wa pili. Tumbo na kifua havipitiwi, vinakisiwa kwa kuangalia mapaja. Na tumbo ndilo linalowahangaisha wengi!

Kwa hiyo ya kwanza kwangu ni Omron HBF-514C, na sifichi kwamba naipendelea. Ina mpini wenye waya, unashikwa kwa mikono miwili, na umeme unatoka mikononi hadi miguuni ukipitia kiwiliwili. Kiwiliwili ni kipana, hivyo mchango wake kwenye ukinzani wote ni mdogo ukilinganisha na mikono na miguu. Namba bado ni makadirio, ila angalau kiwiliwili kimeguswa. Haiungani na simu. Andika kwenye daftari, inatosha.

Itumie hivi: asubuhi, ukishatoka chooni, kabla ya kula na kunywa. Nyayo zifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, maana ngozi kavu yenye sugu inaongeza ukinzani, na mizani inahesabu mafuta zaidi. Nyoosha mikono mbele usawa wa mabega, viwiko visipinde, makwapa yawe wazi. Mapaja yakigusana, umeme unakata njia fupi. Weka taulo kavu katikati. Ukinywa nusu lita ya maji na kupanda papo hapo, uzito unaongezeka nusu kilo wakati ukinzani haujabadilika, kwa hiyo mizani inadhani umenenepa. Ukipima mara tu baada ya mazoezi, ngozi ina joto na damu imejaa miguuni, ukinzani unashuka, na mizani inakusifia bure kwa kuonyesha mafuta machache. Chukua wastani wa siku 7, kisha linganisha wiki na wiki.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kilo 80 zenye mafuta asilimia 25 ni kilo 20 za mafuta. Baadaye ukiwa kilo 79 na asilimia 22, mafuta ni kilo 17.4. Uzito umeshuka kilo 1 tu, lakini mafuta yameondoka kilo 2.6, na kisicho mafuta kimeongezeka kilo 1.6.

Ya pili ni Tanita BC-545N, nayo ina mipini na inatenga kila mkono na mguu. Ni nzuri, ila namba za kiungo kimoja kimoja zinayumba siku hadi siku na kumtia mtu wasiwasi usio na sababu.

Ya tatu ni tepu ya kupimia ya fibaglasi. Usinunue ya kitambaa, inavutika. Pima kiuno katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi kawaida. Kalipa, kibanio cha kupima unene wa mkunjo wa ngozi, inafuata, iwapo tu yupo mtu yule yule wa kukupima kila mara. Fuatilia jumla ya milimita za mikunjo hiyo, achana na asilimia.

Mizani za miguu pekee nazipa nafasi ya mwisho. Zijaribu na soksi nene kavu: ikikupa asilimia ya mafuta, basi haijapima chochote, imekokotoa kwa urefu na umri ulioingiza.

Kinachoudhi ni wauzaji wanaotangaza “vipimo 13”. Mifupa, umri wa mwili, mafuta ya ndani ya tumbo, vyote vinakamuliwa kutoka kwenye ukinzani ule ule mmoja wa miguu. Na ile “usahihi wa gramu 100” wanayoipigia debe ni ya uzito, haihusu mafuta hata kidogo. Bei inapandishwa kwa wingi wa namba, huku mpini, ambao ungeleta tofauti, hautajwi. Hawataji pia kwamba mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo kilichopandikizwa kifuani hapaswi kabisa kupanda mizani ya namna hii, wala kwamba mjamzito hashauriwi kuitumia. Maonyo hayo yamo kwenye kitabu cha maelekezo. Muombe muuzaji akufungulie boksi uyasome kabla hujalipa.