The Last King of Scotland: anza na kitabu, muvi ije baadaye

Hii muvi nimeirudia tena wikendi, safari hii na mzee wangu aliyeingia jeshi akiwa kijana miaka ya 70, yule aliyetuletea Kiswahili nyumbani kutoka kambini Jinja, na naona niandike maana watu wengi hapa kwetu wanajua muvi tu, hawajui kama mwanzo ilikuwa riwaya ya Giles Foden ya mwaka 1998, ndo Kevin Macdonald akaja kuishuti ikatoka 2006, halafu 2019 ikapandishwa jukwaani kwenye ukumbi wa Crucible, kule Sheffield, Uingereza.

Nianze na Forest Whitaker. Jamani yule mtu! Alijifunza Kiswahili kwa ajili ya kumcheza Idi Amin, yule dikteta wa Uganda, akajifunza na akodioni kwa sababu Amin mwenyewe alikuwa anaipiga, na kazi inaonekana kabisa. Mzee alikaa kimya karibu nusu saa, mikono juu ya magoti, mpaka Amin akacheka kile kicheko kinachokatika ghafla, mdomo umecheka ila macho hapana, mzee akaniambia simamisha hapo. Nikasimamisha. Akasema, "Hivyo hivyo kabisa. Akicheka hivyo wewe unatafuta mlango uko wapi." Sasa mimi nibishane na nini tena, ile Oscar ya 2007 ilikuwa haki yake.

Walishutia hapa hapa, Kampala na Entebbe, ndo maana vumbi ni vumbi letu na sauti za nyuma ni za watu wetu. Stephen Rwangyezi wa kikundi cha ngoma cha Ndere Troupe kacheza waziri Wasswa, Abby Mukiibi yuko kama Masanga, na huyo Abby hata asipoongea akiingia tu chumbani unajua kuna mtu hatalala kwake leo.

Kinachoniuma ni Kay, mke wa Amin. Mama alikuwa anapita na chai akaona pale Kay anapoonyeshwa amekufa, akaweka trei chini akasema huyu alikuwa binti wa mchungaji, alisoma Makerere, kwa nini wanamfanya hivi. Na mama ana haki! Kay Amin alikuwa mtu wa kweli, Amin alimwacha 1974 na mwaka huo huo akafa, kifo kibaya sana. Muvi inamchukua inampa mapenzi na Nicholas Garrigan, daktari wa kutungwa ambaye hakuwahi kuwepo, halafu inasogeza kifo chake mpaka siku za ndege iliyotekwa Entebbe, 1976, ili hadithi ishike kasi. Mapenzi hayo hayamo hata kwenye riwaya, na kwenye skrini ukionyeshwa ule mwili inakuwa kitu kingine, kuna familia zinaangalia. Kwa hilo tu nakata nyota moja, nabaki na nne.

Sasa kitabu. Kitabu ni cha daktari, muvi ni ya Amin, hiyo ndo tofauti. Kwenye kitabu Garrigan yuko Mbarara, gari la Amin linagonga ng'ombe, anaitwa kumtibu mkono na kuanzia hapo anasimulia mwenyewe, akiwa amesharudi Scotland, jinsi alivyozoea. Anaona kitu kibaya anakaa. Anaona kingine anakaa tena. Foden alimchota kidogo kutoka kwa Bob Astles, yule Mwingereza mshauri wa Amin ambaye wazee wetu walikuwa wanamwita Major Bob. Na hadithi inaenda mpaka vita ya 1979, Watanzania wanaingia, wakati muvi inaishia Entebbe, James McAvoy, anayemcheza Garrigan, anatoroka na ndege na wewe unaachwa unamhurumia yeye, kitabu hakikupi hiyo nafasi.

Ya jukwaani sikubahatika. Steve Waters ndo aliandika mchezo, Gbolahan Obisesan akaongoza, Tobi Bamtefa akawa Amin. Crucible watu wanakaa pande tatu za jukwaa, kwa hiyo Amin akihutubia wewe ndo umati, unapiga makofi au hupigi? Natamani sana kitu kama hicho pale National Theatre ya Kampala, amri za wanajeshi zitolewe kwa Kiswahili chenyewe cha kambi, nitalipia tiketi tatu.

Ukinunua diski mjini ijaribu mpaka mwisho kabla hujatoa hela, ya kwangu ya kwanza ilikwama Entebbe pale pale mateka wanapotolewa na mwenye duka akakataa kubadilisha, ikabidi ninunue nyingine kwa mtu mwingine. Hiyo ya pili iko safi. Ilipoisha mzee hakuinuka, aliniomba nirudishe pale pa akodioni, akaangalia tena peke yake, akaenda kulala bila kusema kitu.