Datsun 240Z au MGB: ipi ya kuiweka Dodoma?

Haya ni magari mawili ya zamani ya spoti. Kwa mbio hakuna ubishi. Datsun 240Z ya Japani ina silinda 6, injini ya cc 2,393; MGB ya Uingereza, iliyotengenezwa 1962 hadi 1980, ina silinda 4, cc 1,798. Datsun ilishinda Safari Rally 1971 na 1973, na kila tairi lake la nyuma hucheza lenyewe. MGB inabeba ekseli nzima juu ya springi bapa kama pikapu, kwa hiyo kwenye changarawe mkia unarukaruka.

Kazi yenyewe iko kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Kwa kawaida zote zina mbili, za muundo wa SU wa Uingereza (za Datsun zimetengenezwa na Hitachi). Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa nyepesi, hivyo gari lililosetiwa pwani litakunywa mafuta na kuchafua plagi kwa masizi. Injini ikiwa ya moto, inua pistoni ya kabureta kama milimita 1: mzunguko wa injini ukipanda na kubaki juu, mafuta yamezidi. Pandisha nati ya jeti (tundu la kupitishia petroli), upande mmoja wa nati kwa mara, pima tena. Filta ya hewa ni lazima. Vumbi likiingia, pistoni inakwama.

Joto la Oktoba linaisumbua zaidi Datsun. Bomba la petroli limepita juu ya manifoldi ya moshi, kwa hiyo ukizima dakika 10 mafuta yanageuka mvuke na gari linagoma kuwaka. Weka bati la kukinga joto na ulifunge bomba kwa kitambaa cha kuhimili moto. MGB ina tatizo lake: pointi (ncha za kugusisha umeme) za pampu yake ya petroli ya umeme huganda. Ukifungua swichi usisikie tiktik, igonge pampu kwa mpini wa spana, kisha ukifika nyumbani zisafishe.

Hedi ya MGB ni ya chuma cha kusubu. Kwa petroli isiyo na risasi, siti za valvu za moshi (mahali valvu inapokaa ikifunga) huliwa na nafasi ya valvu ya milimita 0.38 hupungua, kwa hiyo hedi ichongewe siti ngumu. Hedi ya Datsun ni aluminiamu yenye siti za kupachikwa, lakini usiijazie rejeta maji ya kisima yenye chumvi. Tia kulanti (dawa ya rejeta). Na tafadhali, gia boksi ya MGB hutumia oili ya injini 20W-50. Ya Datsun ni oili ya gia ya daraja la GL-4, maana GL-5 hula shaba za sinkro, pete za kulainisha ubadilishaji wa gia.

Spea za MGB zinapatikana Uingereza mpaka bodi nzima mpya. Bodi ya Datsun ni ghali kuitafuta, lakini kwa anayekwenda Iringa kupitia Mtera, ndiyo ya kununua. Ila kabla ya kulipa, lala chini na bisibisi: choma chini ya betri na reli za sakafu. Ikizama, rudi nyumbani na hela zako.