Uzoefu wangu na "33", episodi ya kwanza ya tamthilia ya televisheni Battlestar Galactica

Kama unatafuta mizinga ikifyatuliwa mwanzo mwisho, hii haitakukata kiu. "33" imeandikwa na Ronald D. Moore na kuongozwa na Michael Rymer. Ilionyeshwa Uingereza Oktoba 2004, Wamarekani wakasubiri hadi Januari 2005, na mwaka huohuo ikatwaa Tuzo ya Hugo, ya kazi za kubuni za kisayansi. Katika episodi zote za vita vya angani nilizotazama, naiweka juu kabisa, maana hapa silaha kubwa ya adui ni saa ya ukutani.

Cylon, roboti walioangamiza karibu binadamu wote, wanatokea kila baada ya dakika 33. Msafara wa meli za binadamu waliobaki unaruka kwenda kona nyingine ya anga, saa inaanza upya, halafu yaleyale. Tunapoingia, wamesharuka mara 237. Piga hesabu mwenyewe: dakika 7,821, yaani saa 130 na ushei. Zaidi ya siku tano bila kulala.

Utamu uko kwenye utaratibu wa kazi. Afisa Gaeta anakokotoa mahali pa kurukia, mwenzake Dualla yuko kwenye redio na meli za raia, marubani wa ndege ndogo za kivita za Viper wanatoka kuzuia makombora, na Galactica yenyewe, meli kubwa ya kivita inayolinda msafara, inaondoka mwisho. Uchovu ukiingia hapo, kila hatua inaanza kuvuja. Watu wanakosea vitu walivyovifanya mara mia mbili, wanafokeana bila sababu, na marubani wanagawiwa vidonge vya kuwaweka macho. Rubani Starbuck anagoma kumeza, ubishi na mkuu wake Apollo unapanda, na ubishi huo wenyewe unakuonyesha wamechoka kiasi gani. Mtazame pia rubani Boomer: wenzake wameisha, yeye yuko freshi, hadi anataniwa kuwa ni Cylon, maana wapo wanaofanana kabisa na binadamu. Usiupuuze utani huo.

Kuanzia hapa nafichua kisa. Meli ya abiria Olympic Carrier, yenye watu 1,345, inaachwa nyuma kwenye mruko mmoja. Dakika 33 zinapita, adui haji. Kisha meli hiyo inarudi, Cylon nao hao, vipimo vinaonyesha nyuklia ndani yake, na inauelekea msafara bila kusimama. Rais Roslin anaidhinisha itunguliwe, Apollo na Starbuck wanatekeleza. Kamera inapita karibu na madirisha yake na haikupi jibu la wazi kama kuna mtu ndani. Episodi yenye woga ingekuonyesha viti vitupu ili ulale vizuri.

Ubao wa Roslin nao uangalie kwa makini. Idadi ya binadamu waliobaki imeandikwa kwa mkono, inafutwa na kupunguzwa kila taarifa inapoingia. Mwishoni anaongeza mmoja, mtoto aliyezaliwa kwenye meli Rising Star, na inasomeka 47,973.

Kasoro zipo. Vipande vya Helo, afisa wa Galactica aliyeachwa nyuma, akikimbia mvuani kwenye sayari ya Caprica vinakata presha kila inapopanda. Vina kazi baadaye kwenye sizoni, ila ndani ya episodi hii vinakupa nafasi ya kupumua ambayo wahusika wenyewe hawana. Na kwa nini 33, si 30 wala 40? Hauambiwi. Binafsi sina shida na hilo, ila anayependa kila kitu kielezwe atakwazika.

Kosa kubwa la watazamaji wapya ni kuanzia hapa moja kwa moja. Kabla yake kuna filamu ya sehemu mbili ya Desemba 2003, yenye urefu wa kama saa tatu hivi, na mahali pengi huwekwa peke yake, nje ya sizoni ya kwanza. Ukiiruka hutaelewa mwanasayansi Baltar anaogopa nini, wala yule mwanamke mwenye nguo nyekundu anayeonekana kwake tu ni nani.

Kwenye televisheni, zima ile setingi ya kulainisha mwendo. Picha ilipigwa kwa kamera ya mkononi, inatikisika na kuvuta karibu ghafla kama taarifa ya habari. Ukilainisha inageuka igizo la studio. Washa maandishi ya chini, kwa sababu amri nyingi za chumba cha kamandi zinasemwa kwa sauti ya chini na kwa pamoja. Na panga muda wa kuunganisha na episodi ya pili, "Water", maana ile habari ya Boomer inaanza kuiva humo.