Duka la halua la Mji wa Kale: nilichowanunulia wajukuu kwa shilingi 3,000

Nina wajukuu saba, mkubwa amefika miaka 13 na mdogo ndiyo kwanza ameota meno ya mbele, na wote huja kuniamkia asubuhi ya Idi wakitarajia sinia lililojaa. Mwaka huu nilitenga shilingi 3,000 za vitu vya kutafuna, kiasi kile kile cha mwaka jana, na mkono wa Idi nikauweka mbali, maana ukivichanganya viwili hivyo ni watoto watakaopunjika.

Nilianzia supamaketi. Kisanduku cha chokoleti wanachokipenda kilikuwa na sura ile ile, lakini nilipovaa miwani nikasoma uzani ulioandikwa ubavuni kwa herufi za sisimizi, niliona kuwa gramu zimepungua na bei imepanda. Mavuno ya kakao ya Ghana na Kodivaa yalikuwa mabaya hata mwaka 2024 tani moja ikapita dola 10,000 katika soko la dunia, kwa hiyo sikushangaa. Nilikirudisha tu rafuni. Mabati ya biskuti sikuyagusa, kwani nusu ya kile unacholipia ni bati lenyewe, ambalo baadaye hutiwa nyuzi na sindano.

Nikashuka Mji wa Kale wa Mombasa, kwenye duka dogo la halua ambalo nimelizoea kwa miaka mingi. Halua nayo haikuokoka, kwa kuwa ni sukari, wanga na samli, na sukari ya Kenya ilipita shilingi 200 kwa kilo mwaka 2023, tukajifunza sote kunywa chai ya uchungu. Hata hivyo ndicho kitu nilichokiona kina thamani kuliko vyote. Halua hailiwi kwa pupa: kipande cha ukubwa wa kidole gumba kinamtosha mtoto, na kilo moja na nusu niliyoinunua kwa shilingi 900 inalisha wajukuu wangu, wa jirani, na wageni wanaokuja kunywa kahawa, kisha inakaa wiki kadhaa kabatini bila friji.

Ya duka hili hukorogwa papo hapo nyuma ya duka, katika sufuria kubwa na kwa mwiko mrefu, saa baada ya saa, na mtu akisimama mlangoni husikia harufu ya iliki na kungumanga kabla hajaona kitu. Mimi huibonyeza kwa kidole kabla ya kulipa. Ikiwa nzuri hunepa na kurudi, na kidole hutoka na mng'ao wa samli. Ikiwa imepikwa kwa mafuta ya kupikia ya bei nafuu huacha utando kwenye kaakaa, na ikiwa imelala sana sukari huanza kuwa chenga. Niliyopewa ilikuwa laini, na lozi zake zilionekana, ingawa si nyingi kama zamani. Ya zafarani niliiacha, kwa kuwa watoto hawaitofautishi na ya kawaida na bei yake ni ya harusi.

Nina lawama moja. Kijana wa mizani alipima halua ikiwa ndani ya kikopo chake, nami nikajikuta nalipia kikopo kwa bei ya halua. Nilipomwambia, alijibu, "Samahani, bi mkubwa, ndivyo tupimavyo siku za msongamano," kisha akaweka kikopo kitupu kwenye mizani, akatoa uzani wake, na kuniongeza kipande. Alirekebisha kwa adabu, lakini mteja asiyekuwa na mdomo angeondoka amepunjika.

Mabuyu yao ni mazuri, yana unga mwingi wa ubuyu na si sukari iliyopakwa rangi tu, na kilo moja ilinigharimu shilingi 400. Omba yasiyo na pilipili ikiwa kuna watoto wadogo, na usiwagawie kabla hawajavua kanzu nyeupe. Rangi ile nyekundu nimewahi kuisugua kwa ndimu na sabuni siku mbili, na haikutoka. Visheti sikuvichukua hapo, kwani vilikuwa vimekauka shira. Nilimwagizia mama mmoja wa mtaani kwetu anayepika kwa oda, kilo moja kwa shilingi 500, vikaja vingali na joto.

Tende kilo moja, shilingi 450, nilinunua soko la Marikiti nikiwa njiani kurudi. Zilizobaki, shilingi 750, zimeingia kwenye unga, sukari, hamira na mafuta ya kaimati, ambazo nitazipika mwenyewe alfajiri ya Idi, kwa sababu kaimati za kununua zikilala usiku mmoja huwa ngumu hata kwa meno ya mjukuu.